Vitabu vya kumfumbua mpiga picha macho: kipi kikufae wewe

Mama mmoja wa Mbagala ndiye aliyenipeleka kwenye vitabu, ingawa mwenyewe hajui. Nilimpelekea albamu ya harusi ya binti yake wa pili. Akatoa kabatini na ile ya binti wa kwanza, niliyopiga mimi mwenyewe miaka mitatu kabla, akazilaza zote mbili kwenye meza ya kioo na kuanza kufunua huku na huku. Gauni limening'inizwa dirishani. Pete juu ya viatu. Bwana harusi anafunga kifungo cha mkono wa shati huku akitazama pembeni. Maharusi wamegusanisha paji la uso, nyuma yao taa zimefifia kama matone. Kurasa zilifuatana vilevile, albamu hii na ile. Akacheka: "Mwanangu, si ungebadilisha vichwa tu?" Ulikuwa utani, na salio langu alinilipa palepale. Lakini nilipanda daladala kurudi nyumbani sina raha.

Dawa niliyoikimbilia ni ile tunayoikimbilia wote, yaani lenzi. Nilinunua 85mm f/1.8 kwa mkopo wa kikoba. Picha zikawa zilezile, ila nyuma zimefifia zaidi.

Ndipo nikaanza kutafuta vitabu. Kimoja nimekiokota kwa wauza mitumba, vingine nimeletewa na ndugu waliokuwa wakirudi safari, vingine nimesoma kwenye simu hadi macho yakauma. Ninavyoviandika hapa vyote nimevisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo kwa kila kimoja nitasema pia lugha yake ni nyepesi au inahitaji kamusi. Kwangu hilo ni la maana kuliko idadi ya kurasa.

Jambo moja kabla ya kuvipambanisha. Macho ya wapiga picha hayalali kwa namna moja. Kuna ambaye hajui kupanga vitu kwenye fremu, yaani ndani ya mipaka ya picha. Kuna anayepanga vizuri mno, kiasi kwamba haoni tena, mkono unajiendea wenyewe. Huyo nilikuwa mimi. Na kuna anayeona vizuri, ila hajawahi kujiuliza picha inamfanya nini mtu anayeitazama. Kitabu kinachomfaa wa kwanza kinaweza kumzidishia ugonjwa wa pili, na watu wengi hununua kitabu cha mwenzao.

Vitabu viwili, jina moja

Nianze na mtego. Ukimwagiza mtu akuletee The Photographer's Eye, yaani jicho la mpiga picha, mwandikie na jina la mwandishi, kwa sababu vitabu vya jina hilo ni viwili na havifanani hata chembe. Kimoja ni cha John Szarkowski, aliyeongoza idara ya picha ya jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, tangu 1962 hadi 1991. Kilitoka 1966, kikitokana na maonyesho aliyoyaandaa 1964. Cha pili ni cha Michael Freeman, mpiga picha wa Uingereza, na kilitoka 2007. Mimi nilitaka cha Szarkowski, mdogo wangu akanibebea cha Freeman. Alinionyesha ujumbe wangu kwenye simu: jina la kitabu lilikuwepo, jina la mtu halikuwepo.

Cha Freeman ni kitabu cha fundi anayemfundisha fundi. Anaanza na fremu yenyewe, anaingia kwenye mistari, maumbo, uzito wa vitu ndani ya picha, mwanga na rangi, halafu mwishoni anazungumzia nia ya mpiga picha na namna anavyofanya kazi akiwa mahali. Uzuri wake ni kwamba hakuonyeshi picha nzuri tu na kukuacha ushangae. Anakuonyesha na zile za kabla yake: alisimama hapa akaona haitoshi, akasogea, akasubiri mtu aingie, ndipo ikapatikana. Pembeni anakuchorea mistari ili uone jicho linapita wapi. Kiingereza chake kimenyooka, na hata usipoelewa sentensi, mchoro utakuambia.

Kasoro yake niliiona baada ya wiki mbili. Nilikuwa napiga pembetatu tu. Mashangazi watatu wamekaa, pembetatu. Keki na maharusi, pembetatu. MC na spika zake mbili, pembetatu. Nilikuwa nimetoka kwenye mazoea yangu nikaingia kwenye mazoea ya Freeman, na si kosa lake. Mtu mwenye mkono mzito kama wangu akipewa kanuni atageuza kila kitu kuwa kanuni.

Cha Szarkowski maneno yake ni machache, utangulizi wa kurasa chache, kisha vipande vifupi mbele ya kila mlango. Kilichobaki ni picha, za mabingwa zimechanganywa na za watu ambao majina yao hayajulikani. Milango ni mitano: kitu chenyewe, sehemu ndogo ya kitu, fremu, wakati, na mahali pa kusimama. Hoja yake kuu ni nyepesi kuisema, ngumu kuizoea. Mchoraji huanza na karatasi tupu akaongeza. Mpiga picha huanza na dunia iliyojaa tele akachagua kipande. Kwa hiyo kazi yetu ni kuamua nini kibaki nje, na uamuzi huo unafanyika ukingoni mwa fremu.

Sisi wa harusi ukingo hatuutazami kabisa. Tunatazama katikati, nyuso zimekaa sawa, basi. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na sendofu Tabata, nikajiambia leo jicho langu litembee pembeni mwa kitundu cha kamera kabla sijabonyeza. Joto lilikuwa kali, feni moja haifanyi kazi. Bibi harusi amekaa kwenye kiti chake cha enzi, na kulia kabisa, pale ambapo siku nyingine ningesogea ili "pasafike", ukaingia mkono. Mkono wa shangazi, umekatwa kwenye kiwiko na ukingo wa fremu, unampangusa bibi harusi jasho la shingo kwa pindo la khanga. Bibi harusi kafumba macho. Sikuona uso wa shangazi na sikuuhitaji. Katika picha mia saba za siku ile, hiyo ndiyo pekee ambayo sikuwa nimewahi kuipiga kabla.

Kiingereza cha Szarkowski kimeshiba, kila sentensi imebeba mzigo, lakini kwa kuwa ni kurasa chache, kaa na kamusi na usome polepole. Kama kamera umeishika chini ya miaka miwili na vichwa vya watu bado unavikata bila kutaka, nunua cha Freeman. Kama kanuni ya theluthi, ile ya kuigawa picha mafungu matatu na kukiweka kitu kwenye mstari badala ya katikati, unaijua usingizini, Szarkowski.

Peterson au Patterson?

Majina yanachanganya tena, nisamehe, si mimi niliyewapa. Bryan Peterson ni Mmarekani, na Learning to See Creatively ilitoka mara ya kwanza 1988, kisha ikarekebishwa. Freeman Patterson ni Mkanada wa New Brunswick, aliyezaliwa 1937. Photography and the Art of Seeing ni ya 1979. Wote wawili wanaahidi kukufundisha kuona. Njia zao zinaachana mapema sana.

Peterson anaanzia kwenye begi lako. Lenzi pana inaonaje, lenzi ndefu inaonaje, ya karibu je, na kwa nini ukae na kila moja hadi uweze kukisia picha yake kabla hujainua kamera. Halafu anakupitisha kwenye vijenzi sita: mstari, umbo bapa, umbo lenye ujazo, ngozi ya vitu (ile ambayo kidole kingeihisi), kinachojirudia, na rangi. Kila picha imeandikiwa lenzi na mpangilio wa kamera. Lugha yake ni ya mtu anayeongea na wewe kibarazani, hata mwanafunzi wa kidato cha pili ataifuata. Mtu aliyenunua lenzi juzi na hajui aifanyie nini atafurahi nayo. Mimi rangi zake zilinichosha. Picha zinang'aa mno, utadhani kalenda ya benki, na nilipomaliza nilijua kupiga picha zinazofanana na za Peterson.

Patterson hakugusishi kamera kwa muda mrefu. Anauliza kwanza ni nini kinachokuzuia kuona. Anataja kujishughulisha mno na nafsi yako: mawazo ya kodi, ya mteja aliyechelewesha malipo, ya kama wenzako wataipenda picha. Anataja wingi wa vitu vinavyogombea jicho. Na anataja jina. Ukishasema moyoni "kiti", umemaliza na kiti. Jicho limepata lilichotaka, limeondoka.

Hilo la jina niliamua kulijaribu jikoni kwangu. Nilijipa saa moja, kamera moja, lenzi moja, na marufuku ya kutoka. Dakika ishirini za kwanza nilipiga sufuria, kinu, na jiko la mkaa, na kila picha ilikuwa kama tangazo la duka la vyombo. Baada ya hapo uchovu wenyewe ukanisaidia. Jua la saa mbili asubuhi lilikuwa likiingia kupitia wavu wa dirisha, likaanguka kwenye mbuzi ya kukunia nazi iliyoachwa sakafuni. Kivuli cha ule ulimi wake wa chuma kilikuwa kimerefuka hadi kizingitini, kimevunjikavunjika na miraba ya wavu. Sikuona mbuzi. Niliona ndege mwenye shingo ndefu anakunywa maji, ambalo nalo ni jina, najua, na Patterson angenikemea. Lakini nililala kifudifudi kwenye sakafu ambayo naifagia kila siku, nikapiga picha arobaini za kitu ambacho sikuwa nimewahi kukitazama.

Kuna zoezi lake la pili ambalo ndilo lililonilipa ada yote. Analiita kufikiri kwa upande. Andika kanuni unazofuata, hata zile ambazo hukuwahi kuzisema, halafu zivunje moja moja kwa makusudi. Orodha yangu ilikuwa na aibu kidogo: kamera isitikisike, jua liwe mgongoni kwangu, uso uwe mkali, yaani usififie, bibi harusi awe katikati, usibonyeze hadi watu watabasamu. Kwenye harusi iliyofuata nilimwachia msaidizi wangu picha za lazima, mimi nikavunja. Wakati wa kuingia ukumbini, muziki umepamba moto, nilishusha kasi ya kamera hadi robo sekunde, ili kinachotembea kivutike. Nyingi zilikuwa takataka, sitadanganya. Katika mia na kitu, zilizofaa hazikufika sita. Lakini moja ina wasimamizi wote wamegeuka mawimbi ya kitambaa cha zambarau, na katikati yao babu wa bwana harusi, ambaye peke yake hakuwa akicheza, amesimama mkali kama mlingoti.

Kitabu ni cha enzi za filamu, ile mikanda ya kamera za zamani, kwa hiyo ukikuta maelezo ya filamu yaruke bila huruma. Kiingereza chake ni cha kati, kina utulivu wa mtu wa mashambani. Kati ya hawa wawili sina haja ya kuzunguka: Patterson. Peterson atakuongezea mbinu, na mbinu unaweza kuziokota YouTube bure.

Kama mko kikundi, tuseme wapiga picha watano wanaokutana Jumapili, kipo kingine cha namna hii: The Photographer's Playbook cha 2014, kilichohaririwa na Jason Fulford na Gregory Halpern. Ndani yake wapiga picha na walimu wengi wametoa mazoezi na mawazo 307. Hakisomwi, kinafunguliwa popote, mnapewa kazi, mnaenda. Mengine ni ya kipuuzi. Peke yangu nilikichoka upesi. Kwenye kundi kina raha.

Kitabu chenye maneno machache kuliko vyote

Stephen Shore aliuza picha zake kwa MoMA akiwa na umri wa miaka 14, na amefundisha chuo cha Bard tangu 1982, kwa hiyo ungetegemea aandike kitabu kinene. The Nature of Photographs, kilichotoka 1998 na kuchapishwa tena na Phaidon 2007, unaweza kukimaliza kati ya Kimara na Posta kama foleni ni ile ya kawaida. Ukurasa una sentensi mbili tatu, mbele yake picha. Anasema picha ina ngazi: kuna kitu chenyewe cha kushikika, karatasi na wino, kuna namna inavyoonyesha dunia, na kuna kinachotokea akilini mwa anayetazama. Na dunia inageuka picha kwa mambo manne: ubapa, fremu, wakati, na mahali ulipokaza lenzi.

Jambo moja lake nalitumia kila wiki. Anasema kuna picha ambazo fremu ni mahali zinapoishia tu: muundo unaanzia ndani ukatanuka hadi ukingoni. Na kuna picha ambazo muundo unaanzia kwenye fremu yenyewe ukaingia ndani. Nilichukua albamu ya yule mama wa Mbagala (nina nakala) nikapitia ukurasa kwa ukurasa. Zote za aina ya kwanza. Hakuna hata moja iliyoanzia ukingoni. Nadhani hapo ndipo utani wake ulipozaliwa.

Ukimweka Shore kando ya Szarkowski, wanagusana mahali pengi, na uchaguzi wako utategemea wewe ni mtu wa aina gani. Szarkowski anakubembeleza kwa hoja na historia. Shore anasema jambo mara moja, ananyamaza, anakuachia picha. Mtu asiyependa kusoma amnunue Shore bila kufikiri mara mbili, ila ajue kwamba kukimaliza ndani ya daladala si kukielewa. Mimi nimekirudia mara nne.

Wale wasiokufundisha kupiga picha

Kuna vitabu vitatu ambavyo kila orodha ya mtandaoni huvitaja, na hakuna hata kimoja kati yake kitakachokuambia usimame wapi. Nimeona vijana wakivinunua kwa sababu ya sifa kisha wakavigeuza kizuizi cha mlango.

Cha John Berger, mwandishi wa Uingereza, Ways of Seeing, kilitoka 1972 pamoja na vipindi vinne vya televisheni ya BBC, na vipindi vyenyewe vinapatikana YouTube. Anza navyo kama bando linaruhusu. Kitabu ni chembamba, insha saba, na tatu kati ya hizo hazina maneno, ni picha tupu. Kuna mahali anakuonyesha mchoro wa Van Gogh, shamba la ngano na ndege wakiruka, anakuomba utazame kidogo kisha ufunue ukurasa. Unafunua, mchoro ni uleule, chini yake imeandikwa kwamba huu ndio wa mwisho aliochora kabla ya kujiua. Utazame sasa. Hakuna rangi iliyobadilika, lakini si mchoro ule tena. (Wataalamu wa Van Gogh leo wanasema haukuwa wa mwisho, na hilo linaipa nguvu hoja ya Berger kuliko linavyoivunja.) Fikiria maandishi unayoweka chini ya picha zako kabla ya kuzirusha.

Kilichonishika zaidi ni sura yake kuhusu wanawake katika michoro ya Ulaya: mwanamume anatazama, mwanamke anajitazama akitazamwa. Anatoa mfano wa wachoraji waliomchora mwanamke uchi kwa sababu walipenda kumtazama, wakampa kioo mkononi, halafu wakauita mchoro "Majivuno". Niliisoma Alhamisi. Jumamosi nikawa saluni tangu saa kumi na mbili asubuhi, bibi harusi amekaa mbele ya kioo, anajaribu nyuso: hii ya aibu, hii ya furaha, hii ya kulengwalengwa na machozi. Alikuwa ananifanyia mimi mazoezi, kabla sijamwomba chochote. Nilishusha kamera nikaagiza chai. Alipoanza kubishana na msusi kuhusu bei ya maua ya kichwani, nikainua.

Roland Barthes alikuwa mwandishi wa Ufaransa, si mpiga picha, na Camera Lucida ilitoka 1980, mwaka aliofariki. Ana maneno mawili ambayo utayasikia kwa kila msomi wa picha: studium, yale ambayo picha inakueleza na ukaitikia kwa adabu, na punctum, kile kidogo kinachokuchoma bila kukuomba ruhusa. Anachukua picha ya familia ya Wamarekani weusi iliyopigwa 1926 na James Van Der Zee, anasema kinachomchoma ni viatu vya mikanda vya mwanamke mmoja. Sura kadhaa mbele, picha ikiwa mbali naye, anagundua alikosea: ni mkufu wa shingoni. Ninampenda kwa kukubali kukosea katikati ya kitabu. Na nusu ya pili yote inazunguka picha moja ya mama yake akiwa mtoto, ambayo anaielezea kwa kirefu na anakataa kutuonyesha. Mtu wa kwetu atamwelewa haraka kuliko profesa. Sote tumeona picha ya paspoti, iliyopigwa kwa haraka kwa ajili ya kitambulisho, ikikuzwa na kuwekwa msibani, na mtoto wa marehemu anaitazama kola iliyokunjika upande mmoja. Kiingereza cha tafsiri yake ni kigumu. Usikinunue kiwe cha kwanza.

Susan Sontag, mwandishi wa Marekani, On Photography, 1977. Insha sita, hakuna picha hata moja. Ni kali, ina akili nyingi, na itakufanya uone haya kushika kamera mbele ya mtu mwenye shida, jambo ambalo wengi wetu tunalihitaji. Lakini hapa tunaongelea jicho, na Sontag anaongea na dhamiri. Kiweke baadaye.

Kwa mtu wa aina ya tatu niliyemtaja mwanzoni, Berger. Lugha yake ni nyepesi kuliko ya hao wawili, na kinauzwa bei ya chini kwa sababu kimechapishwa mara nyingi.

Mmachinga wa Paris

Kuna atakayeniuliza mbona Henri Cartier-Bresson, mpiga picha maarufu wa Ufaransa, sijamtaja. Kitabu chake cha 1952, chenye jalada lililochorwa na Henri Matisse, Waingereza na Wamarekani wanakijua kama The Decisive Moment, wakati wa maamuzi. Jina la Kifaransa ni Images à la sauvette, na hapo sisi tuna bahati kuliko Mwingereza, kwa sababu à la sauvette ni kuuza kimachinga: bidhaa imetandazwa chini, jicho moja kwa mteja, jingine kwa mgambo, tayari kukunja na kukimbia. Picha za kimachinga. Jina la Kiingereza limewafanya wapiga picha wengi wasubiri kilele, keki ikikatwa, busu, shangwe. La Kifaransa linakuambia uwe mwepesi wa miguu, uchukue kabla hujafukuzwa. Nilipojua hilo nilianza kuwatazama wamachinga wa Kariakoo kama walimu.

Yeye mwenyewe alisema kilichomsukuma kwenye kamera ni picha moja ya Mhangaria Martin Munkácsi, ya vijana watatu weusi wakikimbilia mawimbi, migongo kwetu, inayojulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika. Itafute uitazame: hakuna uso hata mmoja, na furaha yote imo kwenye visigino.

Kitabu kilichapishwa upya na Steidl 2014, kikubwa, kizito, bei yake ni ya flashi nzuri. Sikushauri. The Mind's Eye, kijitabu cha 1999 kilichokusanya maandishi yake, kina utangulizi uleule na kinaingia kwenye mfuko wa begi.

Na vya kwetu? Vya kufundishia kuona, kwa maana ya Patterson, sina cha kukupendekezea. Lakini kuna vya kutazamwa. Kazi za Priya Ramrakha, mpiga picha wa Nairobi aliyeuawa kwenye vita vya Biafra, Nigeria, 1968, zilitolewa kitabu 2018 kwa jina The Recovered Archive. Mtazame anavyowapiga viongozi kwa kusimama upande ambao wenzake hawakusimama. Heike Behrend ameandika Contesting Visibility, 2013, kuhusu upigaji picha wa pwani ya Kenya, na mna habari za wale wapiga picha wa kivuko cha Likoni waliokuwa na vibanda vyenye mapazia ya kuchorwa, mteja akisimama mbele ya ndege au maghorofa. Ni kitabu cha kitaaluma, lugha nzito, lakini sura ya Likoni isome hata kwa kuruka. Wale jamaa walikuwa wanaanzia kwenye fremu wakaingia ndani, miaka mingi kabla sijamjua Shore. Prita Meier naye ametoa The Surface of Things mwaka 2024, historia ya picha pwani ya Waswahili. Hicho kinakwenda na Barthes vizuri sana, kwa sababu anaitazama picha kama kitu cha kushikwa, kutundikwa na kupambia nyumba.

Mfuko ukiruhusu kimoja tu, na kazi yako inafanana na yangu, chukua Patterson. Ukiruhusu viwili, ongeza Shore kama husomi, Szarkowski kama unasoma. Berger awe wa tatu. Cha Freeman mnunulie msaidizi wako.

Changu cha Patterson msinikodolee macho, sinacho. Nilimwazima dogo mmoja wa Mwananyamala tangu kabla ya Ramadhani, kila nikimpigia anasema, "Kaka, bado nipo jikoni."